Sakafu ya Tarehe Kumi na Nne Agosti

Ndugu wa marehemu, majirani, mafundi wenzetu, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kuwasomea historia ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Matundu, na kabla sijaanza nina ombi moja. Karatasi mlizopewa pale mlangoni zilichapwa juzi, picha imetoka vizuri, mpangilio umekaa sawa, lakini ukurasa wa pili, mstari wa tatu kutoka juu, kuna jambo ambalo si kweli, na aliyeliandika ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msinifuate kwa kidole kwenye karatasi, nisikilizeni ninavyosoma, na tukifika mahali hapo nitawaambia. Nikikosea mnivumilie, sijazoea kusimama mbele za watu, mimi nimezoea kulala chini ya magari.

Kaka alizaliwa Jumatatu ya tarehe 3 Machi 1958, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wapangaji mkabala na ghala la nafaka, mtoto wa kwanza wa baba yetu aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo na mama yetu aliyekuwa fundi cherehani, na mimi nikafuata tarehe 20 Juni 1963, tukawa wawili tu, hakuongezeka mwingine. Mama alikuwa akisema huyu wa kwanza alizaliwa mzee, maana kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake alikuwa anajua kupanga vya wengine mlangoni kwa ukubwa, na huyu wa pili, yaani mimi, nilichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili nzima, ndiyo maana tangu siku hiyo nakimbia.

Alianza shule ya msingi Januari 1966 na kumaliza Novemba 1972, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1975, macho ya baba yalipofifia na ghala likampumzisha, na hapo kaka, bila kumshirikisha mtu, akarudisha vitabu vyote ofisini kwa mwalimu mkuu vikiwa vimefunikwa magazeti, akajiandikisha chuo cha ufundi tarehe 12 Januari 1976, fani ya bodi za magari na uchomeleaji. Mtihani wake wa mwisho, Novemba 1977, ulikuwa kuunganisha vipande viwili vya bati, na yeye alimaliza wa mwisho darasa zima, kwa sababu wenzake walichomelea moja kwa moja, yeye akasimama kwanza kupaka rangi ya zinki pale ambapo mabati yangekutana, akasubiri ikauke, huku mwalimu akimuuliza kama amekuja kufanya mtihani au kuoa. Alipewa alama ndogo ya muda, lakini vipande vyote vilitupwa nyuma ya karakana vikanyeshewa miezi sita, na mwalimu yule akamtumia ujumbe arudi aje kuona, maana vyote vilikuwa vimekuwa vyekundu kwenye maungio isipokuwa kimoja.

Mwaka huohuo wa 1977, mwezi Aprili, kaka akiwa likizo, mimi nilichukua mkasi wake wa kukatia bati bila ruhusa, nikajikata kidole gumba cha mkono wa kulia kuanzia kwenye ukucha hadi kwenye kiungo cha kwanza, kovu lenyewe hili hapa, limepita katikati ya kidole kama mstari wa rula. Kaka alinifunga kidole kwa shati lake la shule, akamwambia mama kwamba mkasi aliuacha wazi yeye, akala bakora zangu, na hatukuwahi kulizungumza tena. Naomba mkikumbuke kidole hicho, mtakihitaji mbele.

Tarehe 9 Januari 1978 aliajiriwa katika gereji kubwa iliyokuwa nyuma ya soko la mbao, akaanza kwa kupiga msasa, akawa fundi kamili mwaka 1982, na mwaka 1986 akapewa usimamizi wa upande wa bodi, akiwa na ufunguo wa stoo na daftari la kazi ambalo kila sakafu iliyofungwa iliandikwa tarehe na kusainiwa. Mimi aliniingiza hapo mwaka 1984, na haikupita muda mafundi wakanibandika jina la Haraka, jina ambalo mpaka leo mnaniita nalo, na ambalo kwa miaka mingi nilidhani ni sifa.

Kwa wale ambao hamjawahi kulala chini ya gari, nieleze kidogo kazi aliyoifanya kaka, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa alichobeba. Sakafu ya gari la kale si bati moja, ni bati lililolala juu ya mihimili iliyo mitupu ndani kama mabomba ya pembe nne, na kutu huanzia humo ndani ambamo jicho halifiki, kwa hiyo siku unapoiona juu, chini ya zulia, ujue ilishafanya kazi zamani. Kaka alikuwa anatoa viti na mazulia yote, anagonga sakafu nzima kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio, anachora kwa chaki, anafunga vyuma vya kushikilia milango ili gari lisilegee litakapokatwa, ndipo anakata, na alikata mpaka akute chuma kizima hata kama mwenye gari analia pembeni. Alisafisha mpaka chuma king'ae, na ole wako ukikigusa kwa mkono mtupu, angekwambia mbele za watu, "Jasho lako ni chumvi, kavae glovu," kisha anapaka zinki pande zote mbili za maungio, anachomelea nukta moja moja akirukaruka huku na huku ili bati lisijikunje, anapaka rangi ya msingi siku hiyohiyo maana alisema chuma tupu hakiachwi kilale, anaziba maungio kwa gundi nyeusi, anapaka lami chini, na mwisho anapuliza nta ndani ya ile mihimili kwa mpira mwembamba.

Lakini sakafu haikuhesabiwa kuwa imefungwa mpaka ipigwe maji. Chini ya mihimili ile kuna matundu manne ya kutolea maji, mawili kila upande, kila moja ukubwa wa kidole gumba, na kaka alikuwa anamlaza fundi mwingine chini na tochi, yeye anamimina maji juu, na yule wa chini anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, yote yametoa. Gari halikutoka bila hesabu hiyo. Alikuwa anasema hakuna gari duniani ambalo maji hayaingii, yataingia tu, kwenye mpira wa kioo, kwenye mlango, kwenye viatu vya abiria, wewe yaachie pa kutokea.

Sasa tumefika ukurasa wa pili. Mstari wa tatu kutoka juu unasema hivi, nausoma kama ulivyochapwa: "Tarehe 14 Agosti 1991 alifunga sakafu ya gari la kale la mama mkunga, na kwa bahati mbaya aliziba matundu ya kutolea maji, kosa lililosababisha ajali ya mwaka 1997." Ishikeni tarehe hiyo, kumi na nne Agosti, ilikuwa Jumatano, na mniruhusu niendelee kwanza na mambo mengine kwa mpangilio wake.

Mama mkunga mnamjua, ndiye huyu aliyekaa mstari wa mbele na fimbo yake, na nusu ya vijana waliobeba viti asubuhi ya leo aliwapokea yeye duniani kwa mikono yake. Gari lile aliachiwa na marehemu baba yake, la mwaka 1959, la mgongo wa mviringo, rangi ya maziwa, na alilipenda kiasi kwamba aliliosha mwenyewe kila Jumamosi, mpaka na sisi mafundi tukawa tunanawa kabla ya kuligusa. Tarehe 9 Oktoba 1997, siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, alifunga breki ghafla kwenye njia panda ya hospitali, na kiti chake kikang'oka na kipande cha sakafu, kikamrusha kwenye usukani, akavunjika nyonga. Alilala hospitali aliyoifanyia kazi miaka yote kwa miezi minne, na hakutembea tena bila fimbo.

Gari lilivutwa hadi gereji, na siku ya pili yake mwenye gereji akatukusanya wote uani, likakatwa mbele yetu, na ndani ya mihimili kulikuwa na maji, ndugu zangu, maji meusi yaliyokaa miaka, chuma kimekuwa laini unakitoboa kwa kijiti. Matundu yote manne yalikuwa yamezibwa kwa gundi nyeusi, halafu yakapakwa lami juu yake. Kaka alipiga magoti, akaving'oa vizibo vile vinne kimoja kimoja kwa bisibisi, akavibandua lami, akavitazama kwa karibu, akaviweka kwenye mfuko wa ovaroli. Mwenye gereji alikuwa ameshika daftari la kazi, akauliza, "Hii sakafu nani aliifunga?" Nasikia mpaka leo matone yalivyokuwa yanadondoka kwenye saruji, na mimi nilikuwa nimesimama mita mbili tu kutoka kwa kaka, natazama viatu vyangu. Kaka akainuka, akasema, "Saini si yangu hiyo? Ni mimi."

Tarehe 13 Oktoba 1997 alinyang'anywa ufunguo wa stoo na kuondolewa kazini baada ya karibu miaka ishirini, na kuanzia siku hiyo ndipo alipoitwa Matundu. Najua humu ndani kuna vijana wanaodhani jina hilo lilitokana na ustadi wake wa kutoboa chuma, na kuna wazee wanaojua kwamba lilikuwa kejeli, kwamba watu walikuwa wakipita mbele ya kibanda chake wakiuliza, "Matundu, leo umeziba mangapi?" naye akiwajibu kwa upole, "Leo bado," na kuendelea na kazi. Mimi pia niliwahi kucheka. Alitengeneza mageti, ndoo, majiko na matangi, na magari ya kale, aliyoyapenda kuliko kazi yoyote, hayakumfuata tena, isipokuwa machache ya watu waliotoka mbali na hawakuijua habari hiyo.

Upande wa ndoa, kaka alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989, siku ya Jumamosi, na shemeji yangu huyu, wakati huo akiwa karani wa posta, na walikaa pamoja miaka thelathini na minne na miezi kumi na moja bila majirani kusikia sauti ya juu kutoka nyumbani kwao, isipokuwa siku shemeji alipofua ovaroli yake bila kutoa misumari mfukoni. Shemeji, nimeliweka hilo kwa sababu uliniambia nisiwaache watu walie tu.

Upande wa watoto, walijaliwa mtoto mmoja, binti yao, huyu aliyekaa kulia kwa mama yake, ambaye leo ni fundi bodi aliyefundishwa na baba yake tangu akiwa hawezi kunyanyua grenda, na kwa kusafisha chuma nawaambia ametupita sisi wote. Alizaliwa katika hospitali ambayo mama mkunga alikuwa akifanya kazi, saa mbili na dakika ishirini usiku, tarehe 14 Agosti 1991.

Nasikia minong'ono. Ndiyo, mmesikia sawasawa, ni tarehe ileile.

Nieleze sasa, maana nikikaa chini bila kueleza sitasimama tena. Jumatano ile saa mbili asubuhi mama mkunga alikuja gereji kwa miguu, kwa kuwa gari lake tulikuwa tumelitoa matumbo, akasimama mlangoni na sare yake nyeupe, akamwambia kaka, "Baba mtarajiwa, acha nyundo, mambo yameanza, twende." Kaka alivua ovaroli pale pale, na akiwa ameshaanza kuondoka akageuka akaniambia, "Haraka, hiyo sakafu usiifunge, nikirudi tuipige maji kwanza." Akaondoka, akakaa kwenye benchi la ukumbi wa wazazi kuanzia saa mbili na nusu asubuhi mpaka mtoto alipozaliwa, akalala palepale kwenye benchi, akarudi gereji tarehe 15 saa nane mchana. Mama mkunga, wewe ndiye uliyempelekea chai mara mbili na kumwambia aache kuhesabu vigae vya sakafu. Wewe ndiye shahidi wake, na hakuna aliyewahi kukuuliza.

Aliyeifunga sakafu ile ni mimi. Nilitaka kaka akirudi na furaha ya mtoto akute kazi imekwisha, hivyo ndivyo nilivyojiambia, lakini ukweli zaidi ni kwamba nilitaka mwenye gereji aone Haraka anaweza kufunga sakafu bila kusimamiwa. Mama mkunga alikuwa amelalamika kwamba vumbi linaingia chini ya miguu yake, na mimi katika akili zangu nikaona matundu manne yaliyo wazi, nikaona nimegundua vumbi linapopita, nikachukua gundi nyeusi nikaziba, moja, mbili, tatu, nne, nikakandamiza kwa kidole gumba, nikapaka lami, nikarudisha zulia na viti, na saa kumi jioni nilikuwa nanawa mikono huku napiga mluzi. Sikufanya kwa ubaya, na sisemi hivyo ili mnihurumie, nasema ili mafundi vijana walio humu wajue kwamba gari linaweza kuuawa kwa kuzibwa vizuri mno.

Kosa ni hilo, lakini uongo ulikuja kesho yake. Kaka alirudi, macho mekundu, anacheka peke yake, ameshika kipande cha karatasi alichoandikiwa uzito wa mtoto, akaniuliza, "Uliipiga maji?" Nikasema, "Niliipiga." Akauliza, "Yote manne yalitoa?" Nikasema, "Yote manne." Akaniamini, kwa nini asiniamini, mimi ni mdogo wake, akafungua daftari akaandika sakafu imefungwa tarehe 14, akasaini kwa kuwa yeye ndiye msimamizi, akaniomba nimwangalizie gereji ili awahi hospitali kumwona binti yake. Ile saini ndiyo iliyomponza miaka sita baadaye, na ile saini niliipata mimi kwa maneno mawili.

Mama mkunga, naona umesimama. Msimamizi wa shughuli, tafadhali usimkalishe, mwache aseme. Kwa wale wa nyuma ambao hamkusikia, mama mkunga amesema, "Soma mpaka mwisho." Nasoma, mama.

Upande wa ugonjwa, kaka alianza kusumbuliwa na mapafu Februari 2022, akawa anatibiwa na kurudi nyumbani, hadi tarehe 2 Novemba mwaka huu wa 2024 alipolazwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani. Tarehe 17, Jumapili, alimwomba shemeji atoke kidogo, akaniambia, kwa kuvuta pumzi kila baada ya neno, "Historia yangu utasoma wewe. Tarehe zote ziwe sahihi." Nilimwambia asiongee mambo ya kufa, akarudia, "Zote ziwe sahihi," akafumba macho, na mimi nikajidanganya kwamba ni ule umakini wake wa siku zote, mtu anayetaka hata kufa kwake kupimwe kwa rula. Alifariki Ijumaa, tarehe 22 Novemba, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi minane na siku kumi na tisa.

Nikakaa Jumamosi kuandika historia hii, na ndugu zangu, nikaandika uongo. Kaka amelala kwenye baridi, ameniomba jambo moja tu, na mkono huu ukaandika mstari wa tatu kama unavyosomeka kwenye daftari la gereji, kwa sababu nimeishi na uongo huo muda mrefu kiasi kwamba ulitoka wenyewe bila hata kunikwaruza. Niliuandika hali nikijua binti yake anaulipia mpaka leo. Mwezi uliopita tu, mtu mmoja mwenye gari la kale alilipeleka kwake, binti akalifungua, akakata, akasafisha chuma kikang'aa, na asubuhi ya kupaka rangi ya msingi mtu yule akaambiwa huyu ni binti wa Matundu, akaja na gari la kuvuta, akaliondoa likiwa hivyo hivyo, chuma tupu, mvua ikiwa imefunga angani. Binti alilifuata barabarani na turubai mkononi, anaomba angalau alifunike. Nilisikia habari hiyo, nikasema pole, nikaenda zangu kula.

Jana mchana shemeji aliniita jikoni, akanipa kikopo cha rangi kilichofungwa kwa utepe, akasema, "Kaka yako alisema hiki ni chako, utajua mwenyewe." Nilikifungua nikiwa nimesimama, nikakaa. Ndani mna vizibo vinne vya gundi nyeusi, vigumu kama kwato, na kwenye kila kimoja, upande uliokuwa umefunikwa na lami, kuna alama ya kidole gumba, na kila alama imepasuliwa katikati na mstari ulionyooka. Kovu langu, ndugu zangu, mara nne. Alikiona kidole changu siku ileile uani, alipoviinua machoni, kabla hajaulizwa swali lolote, na alipoinuka kujibu alikuwa anajua. Kikopo kiko hapa mezani mbele ya jeneza, mwenye shaka atakuja kukitazama.

Nilimwuliza shemeji kama alijua, akasema alijua tangu wiki ile ya 1997, na kwamba alimgombeza kaka usiku na mchana aseme ukweli, na kaka akamwambia, "Atasema mwenyewe, mpe muda." Muda huo nimeuchukua miaka ishirini na saba. Mimi ndiye mnayeniita Haraka.

Familia inapenda kuwashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu waliomhudumia kaka kwa siku ishirini bila kuchoka, majirani mlioleta maji, viti na turubai, mafundi wa gereji mbalimbali mliofunga kazi leo, na vijana mliochimba na kubeba. Kwa namna ya pekee tunamshukuru mama mkunga, ambaye alipanda ngazi za hospitali na fimbo yake mara mbili kuja kumwona, na kila mara, nilikuwepo, kaka alimshika mkono akamwomba msamaha kwa ajili ya nyonga yake, naye akamsamehe, na mimi nikawa naangalia dirishani. Mama, msamaha ule uliutoa kwa mtu ambaye hakukukosea. Mimi sikuombi hapa mbele za watu ambapo utaona aibu kunikatalia, nitakuja kwako, nitagonga, na usipofungua nitarudi siku nyingine. Na wewe mwanangu, fundi, mbele ya wote hawa, jina ulilotukanwa nalo halikuwa la baba yako, na kuanzia Jumatatu nitakuja kibandani kwako na ovaroli yangu, unilaze chini na tochi wakati wewe unamimina maji, nami nitahesabu kwa sauti.

Msimamizi wa shughuli, naona unanionyesha saa, nimebakiza jambo moja. Aliye na kalamu aichukue, na asiye nayo aazime kwa jirani, mfungue ukurasa wa pili, mkate mstari wa tatu wote, na juu yake muandike hivi, nasoma polepole: Tarehe 14 Agosti 1991 alikuwa hospitali akimsubiri binti yake, na sakafu aliifunga mdogo wake. Msiziache karatasi hizi humu ndani, nendeni nazo majumbani.

Kaka, tarehe zako sasa ziko sahihi. Nilitaka kikopo hiki nikiweke ndani pamoja na wewe tukifukie yaishe, lakini shemeji alinishika mkono, akaniambia wewe umekibeba miaka ishirini na saba na umeshakishusha, sasa nikibebe mimi. Nimekipokea. Pumzika, kaka yangu, pumzika kwa amani uliyoninunulia mimi muda wote huu.